Sahani ya Mdogo Wangu

Jumatatu, 4 Machi

Swali hili linanisumbua tangu chuoni: usugu wa bakteria dhidi ya dawa huanzia kwa nani? Nimezoea kujibu kwa wepesi — kwa yule anayekatisha dozi akipata nafuu. Siku hizi jibu hilo linanipwaya.

Leo mdogo wangu kaja maabara, mkono mmoja kiunoni, mwingine juu ya mimba ya miezi saba. Mkojo unamchoma, homa inapanda. "Dada, usinitazame hivyo. Ni UTI tu, si msiba." Nimepokea kichupa chake kama cha mgonjwa yeyote. Nadhani.

Jumatano, 6 Machi

Bakteria wa mkojo wake wamejaa sahani nzima ya kuoteshea! Kila kidonge cha karatasi chenye dawa hupaswa kuzungukwa na duara tupu, pale bakteria walipokufa. Kwake hakuna duara — ila moja, jembamba, la dawa ya sindano. Nikatangaza kwamba vidonge vimeharibika. Mwenzangu wa maabara akacheka: "Bibie, vikiua bakteria wa wengine ni vizima, vikishindwa na wa mdogo wako ni vibovu?"

Nimerudia kipimo.

Alhamisi, 7 Machi

Yale yale.

Daktari amemlaza, anahofia figo, na uchungu kuja kabla ya wakati. Nilimhoji kitandani kama polisi: ulimeza dawa gani, lini, ukabakiza ngapi? Akawaka. Yeye na vidonge ni paka na maji! Ni kweli, mara ya mwisho kumeza antibiotiki tulikuwa bado tunalala kitanda kimoja. "Wanaokunywa dawa kwangu ni vifaranga tu," akasema, akageukia ukuta.

Vifaranga!

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda kwake. Banda la kuku safi kuliko jiko langu. Kando ya ndoo, pakiti ya unga wa manjano. Nimesoma jina lake, nikalisoma tena. Ni ndugu wa dawa zilizoshindwa kwenye sahani! Shemeji akanieleza kwa fahari: kijiko kwenye maji yao kila asubuhi, wawe wagonjwa au wazima. "Kinga ni bora kuliko tiba, shemeji." Na mkewe hukoroga kwa mkono mtupu.

Nimechukua kinyesi kidogo cha kuku, nikakiotesha.

Jumatatu, 11 Machi

Sahani ya kuku: hakuna duara, ila lile lile jembamba.

Nilikaa sakafuni, na koti langu jeupe. Mwenzangu hakutania. Akaniambia niandike ripoti. Niandike nini? Sahani mbili zinazofanana hazithibitishi kwamba bakteria ni wale wale. Vinasaba hatuwezi kuvipima hapa. Huenda mdogo wangu ndiye aliyewaambukiza kuku. Huenda wote wamewapata kwingine. Najua kilichopo, kilikotoka sikijui — na labda sitakijua.

Homa haijashuka. Muuguzi anasema tuipe sindano muda.

Jioni mdogo wangu kapiga simu, sauti imekauka. Mtoto anacheza tumboni, anasema. Kisha: "Dada, vifaranga wangu bado wachanga, usiwakoseshe dawa. Wakifa hao, huyu nitamvisha nini?"

Nikasema sawa. Sawa!

Niko jikoni kwake, pakiti kando ya daftari. Nikiwanyima wakafa, nitakuwa nimewaua kwa dhana tu. Nikiwapa —

Shemeji anaita kutoka bandani: "Shemeji, maji tayari! Hicho kijiko kiko wapi?"

Ninacho mimi.