Kitako Kipya cha Mzee Karanja

Jumatatu, 4 Machi 1974
Nimemhoji mwenye bunduki wa sita leo. Mhariri anataka maoni yao kuhusu aina hii moja, ile ya kuvuta komeo kwa kila risasi, ambayo kila mwindaji hapa Nairobi anaisifu. Wote wanarudia lile lile: hata ikiingia matope, komeo haligomi. Hakuna habari hapo.

Mzee Karanja, mwenye ploti Kawangware, angalau ana shida. Kitako cha bunduki yake, ile mbao inayoshika mtutu, kimepasuka. Cha ng'ambo kitachukua miezi. Amempa kazi Wafula, seremala wa Soweto, Kibera.

Jumatano, 6 Machi
Kibera. Sheria hairuhusu Karanja aiache bunduki, kwa hiyo ameshinda karakana siku mbili akiitazama. Risasi ziko nyumbani. Wafula anachonga mvule. Kazi safi. Wawindaji wanne wanangoja kuona. Kitako kikifaa, watamletea vyao, naye ataacha kutengeneza majeneza. Ameyachoka. Aliniambia bila kuinua macho.

Jumamosi, 9 Machi
Uwanja wa shabaha. Karanja alipiga risasi tano. Zote kulia mwa shabaha, kila moja mbali zaidi kuliko iliyotangulia. Wale wanne waliona. Mmoja alicheka.

Nilimwonea Wafula huruma. Hakuwepo.

Jumapili, 10 Machi
Baada ya kanisa, Kibera na Karanja. Hakusalimu.

"Fundi, umenifungia bunduki kama mlango wa choo!"

"Mzee, mlango wangu haupitishi hata upepo. Hebu jaribu kupenyeza karatasi kati ya mbao na mtutu. Haiingii!"

Alisema kwa fahari. Hapo nikamkumbuka mwenye bunduki wa tatu. Alinionyesha karatasi ikiteleza chini ya mtutu wake kutoka mwanzo hadi mwisho. Mtutu ukipata moto lazima uwe huru, usisukumwe na mbao, alisema. Nilidhani ni mbwembwe. Sikuandika. Uzembe wangu.

Nikawaambia. Kwa seremala, mwanya ni aibu.

"Yaani niharibu kazi ndiyo iwe nzuri?"

"Haribu," Karanja alisema.

Wafula akachukua msasa. Uso wake ulikuwa wa mtu anayemchapa mwanawe. Karatasi ilipopita, hakuna aliyeshangilia. Hatukujua kama itasaidia.

Jumamosi, 16 Machi
Safari hii Wafula alikuja. Shati la kanisani.

Risasi tano. Karanja alitembea hadi kwenye shabaha, akaweka kiganja. Kilifunika matundu yote. Kisha akamwita Wafula kwa mkono.

Aliyecheka juma lililopita ndiye aliyetangulia kuuliza karakana iko wapi.

Nimefurahi kuliko inavyonipasa.

Alhamisi, 21 Machi
Makala yametoka. Mafupi. Mvua imeanza.

Nilipita Soweto bila daftari. Wafula alikuwa ameinama juu ya bunduki ngeni, penseli sikioni, mwenye bunduki kando akimsimulia habari za nyati. Hakuniona. Sikumwita.