Kazi Aliyotuachia Muthoka

Gatongora, Ruiru.
8 Juni 2025.

Mpendwa kaka Jeconia,

Pokea salamu zangu kutoka nyumbani. Habari za Halifax? Kile kifua kimepona? Sisi tuko salama. Baridi imeingia, na Mama analalamikia magoti, lakini Jumapili hakosi kanisani.

Uliponiuliza kwa simu tulivyomzika rafiki yako Muthoka, nilishindwa kujibu. Afadhali niandike.

Presha ilimwangusha ghafla. Tulimzika kwao Mwala. Wenzenu wa shule walikuja, wakakutaja. Beth, mkewe, alisimama kaburini na mtoto mgongoni, wala hakulia.

Unajua nilikuwa nafanya kazi naye kule Thika. Programu yetu huzisaidia kliniki kukadiria dozi za watoto. Kila mmoja wetu huandika sehemu yake, kisha sehemu zote huunganishwa, hujaribiwa na kufungwa pamoja kabla ya kutumwa. Kazi hiyo ya kuunganisha aliifanya Muthoka peke yake, kwa mkono. Hata akiwa likizo tulimwita. Mwenzetu Janice alipomwambia tuiachie mashine, alicheka tu: "Haraka ya nini? Si mimi niko?"

Tulipotoka tu mazishini, muuguzi mmoja akapiga simu. Programu ilikuwa inaonyesha dozi ya dawa ya homa ya watoto wachanga maradufu. Namshukuru Mungu kwamba muuguzi huyo aliishuku kabla ya kumpa mtoto. Janice alirekebisha kosa lile mara moja, lakini hakuna aliyejua kuunganisha programu nzima. Kompyuta ya Muthoka ilikuwa imefungwa kwa neno la siri alilokwenda nalo. Tukazipigia kliniki zote simu, tukawaomba wauguzi warudi kukadiria kwa kalamu na karatasi. Kila nilipopiga niliogopa kuambiwa tumechelewa.

Hakuna mtoto aliyedhurika, kaka.

Mimi, Janice na mwenzetu Mbuvi tukaanza upya, tukijaribu na kukosea. Kila hatua iliyokubali tuliiandika kama amri, ili mashine iifuate yenyewe. Sasa mtu akibadilisha chochote, mashine huunganisha, hupima dozi zote, na ikiona kosa hukataa kutuma.

Siku ilipofaulu, Mbuvi alipiga makofi, kisha akaacha. Janice aliinamia meza akalia.

Jumamosi nilimtembelea Beth pale Kamakis, nikamweleza yote. Alisikiliza huku akimnyonyesha mtoto. Halafu akauliza, "Kumbe hiyo mashine ingekuwepo, angekuwa anakuja nyumbani mapema?"

Nikamjibu, "Ndiyo." Hapo ndipo alipolia, na mimi nikalia naye.

Mpigie, tafadhali. Pole ameshapewa nyingi. Msimulie Muthoka alivyokuwa mkiwa shule.

Mama, Auma na Byron wanakusalimu sana. Mungu akufunike huko ugenini, na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Dada yako akupendaye,
Awiti