Neno Nililompelekea Vaha

Jumatatu, 10 Novemba 2025
Alihan yumo Doha. Amenipigia simu baada ya alasiri, kwa Kiarabu kilekile cha chuoni Dameski, tulikolala chumba kimoja. Alirudi kwao Chechnya akawa imamu, kisha mufti. Vita vilipoanza alivihimiza mimbarini. Vilipomchosha akavukia upande wa serikali. Sasa ni naibu waziri, amefikia hoteli moja ya Lusail kwa ajili ya mkutano. Nilidhani nitafurahi. Sikuona kitu moyoni.

Nikamtajia Vaha, Mchechnya mwenzake, jirani yetu wa ghorofa ya juu hapa Bin Mahmoud. Alipigana upande ulioshindwa, hajathubutu kurudi. Mama yake ni mgonjwa. Je, aende? Alihan akasema nimwambie kuwa kwao sasa hali ni shwari. Nikapanda ngazi, nikamfikishia kwa Kiarabu. Vaha akanibusu mkono, akalia. Nikastaajabu kidogo.

Jumatano, 12 Novemba
Vaha amekata tiketi ya Jumamosi. Binti yangu Saada kaniletea habari pamoja na chai. "Baba, Vaha analitangazia jengo zima kwamba Alihan kampa amani. Githinji wa getini anamuuliza, 'Hiyo amani utabeba kwa mkono ama inaingia na mizigo?'" Akacheka peke yake.

Kampa amani. Hapo ndipo nilipofahamu.

Alihan alisema *salām*, kwamba nchi imetulia. Mimi nikapeleka *amān* — kwa kuwa katika lugha niliyonyonya, utulivu wa nchi huitwa amani, na salamu ni za kuagiziana. Kwa Mwarabu, *amān* ni ahadi: uliyempa, damu yake ni haramu kwako. Uzee wote huu wa kusoma, na ulimi ukarudi Pemba.

Chai nikainywa yote. Haikuwa na ladha.

Alhamisi, 13 Novemba
Saada amenipeleka Lusail. Alihan kanikumbatia, suti, beji ya bendera kifuani. Nikamweleza kosa langu, nikamwomba alitamke neno lile la ahadi sasa, ili nisiwe nimesema uongo.

Akamtazama msaidizi wake aliyesimama dirishani, asiyejua Kiarabu.

"Ndugu yangu, ningekuwa bado mufti, ningelitoa kabla hujaweka kikombe chini. Leo mimi ni mtu wa serikali. Neno hilo si langu tena."

"Ni la nani?"

Akanisogezea tende.

"Akifika watamchukua?"

"Mwambie asiwe na haraka," akasema. Kisha akamuuliza Saada kama Doha ina baridi wakati huu.

Ijumaa, 14 Novemba
Nimesali. Vaha alinipungia mkono kutoka safu ya mbele. Ndevu amezipunguza, kwa ajili ya safari. Sikumwambia.

Jumamosi, 15 Novemba
Vaha kaja kuniaga baada ya adhuhuri. Nikamwambia yote, bila kupamba: Alihan hakusema vile, na nilipomwomba aseme, alikataa.

Akaweka begi lake chini, Saada akatoka jikoni kutazama kuna nini.

"Sheikh," akasema, "neno hilo nimelisikia kinywani mwa nani?"

"Mwangu."

"Na amani ya Mwislamu mmoja, hata awe mnyonge kuliko wote, haiwafungi Waislamu wote? Au sheria hiyo nayo imeingia serikalini?"

"Inawafunga."

"Basi umenipa wewe. Sikumuomba yeye."

"Vaha, nilikosea neno."

"Mama yangu keshaambiwa. Ameamka, ameketi kitandani. Niambie tu kwamba unaiondoa, nami nitapanda juu nikalale. Lakini utamke."

Ningeweza kumjibu kuwa mlango ule wa amani vitabuni unahusu adui aliye nje ya dini. Lakini kule anakokwenda wanamhesabu nini?

Nimesema naingia kutia udhu. Udhu ninao; nimejifungia na daftari hili. Kutoka hapa nasikia Saada akimbembeleza ale, naye anakataa kwa adabu. Dereva amekwisha piga honi chini. Natafuta ndani yangu hofu, au huruma, chochote cha kuniambia nifanye nini. Pamekauka. Vaha ananiita, kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kumharakisha mzee.