Ngamia wa Adeer Bulle Kwenye Simu

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Yallah, programu yangu ya soko la mifugo imekufa tena! Si kwenye simu yangu — kwenye ya Eddo Kinsi, shangazi, ile ya kioo kilichopasuka. Kufungua tu ukurasa wa ngamia, ikaganda, ikawa moto. Eddo akaitupa kwenye mkeka. Wafugaji wa Ijara wana simu hizo hizo, akasema, sasa utamuuzia nani? Na keshokutwa ni siku ya soko! Nimekasirika mpaka njaa imeisha.

Jumanne, 9 Septemba
Kosa nimeliona! Naiambia simu itengeneze kadi za ngamia wote kwa mpigo mmoja — picha, umri, bei — na kioo kinaonyesha wanne tu. Ujinga gani huu? Nani hupakua sahani za harusi nzima kabla mgeni wa kwanza hajavua viatu? Sasa zinatengenezwa zinazoonekana tu. Kadi ikipotelea juu inavuliwa ngamia wake, inavishwa mwingine, inarudi chini. Waliobaki wanaletwa kidogo kidogo mtu akisogeza. Inateleza kama samli! Nimecheza jikoni, Eddo akauliza kama nimeposwa.

Jumatano, 10 Septemba
Soko. Vumbi, kelele, raha. Abdiqani dalali alisogeza, akasogeza, akacheka kama mtoto. Kisha adeer Bulle, kaka yake baba, akaichukua. Yeye akikubali soko zima linakubali. Akikataa, basi, nirudi Nairobi kuomba kazi. Picha za ngamia wake alinipa mwenyewe. Alitazama juu ya kioo. Pale nilikuwa nimeandika jumla ya ngamia wake! Mimi, binti wa wafugaji! Nani anatangaza idadi ya mifugo ya mtu sokoni? Akauliza, kwa upole, kama nataka jicho la hasidi liwamalize. Akaondoka. Wengine wakamfuata. Aibu yangu!

Alhamisi, 11 Septemba
Jumla nimeifuta. Lakini kuificha si sawa na kutohesabu. Nikawaza. Kumbe! Kama ngamia wanaletwa kidogo kidogo, jumla ya nini? Simu inauliza tu: yuko mwingine? Hesabu yote nimeing'oa, mpaka kwenye seva. Eddo akampigia adeer hapo hapo, akinadi utadhani hakuna mtandao. Adeer akanitaka mimi. Hata simu haijui wako wangapi? Haijui, adeer. Na wewe? Wallahi nimeshasahau. Akakata.

Jumamosi, 13 Septemba
Kimya tangu juzi. Eddo ananisukumia chai ya maziwa ya ngamia, anasema huzuni haijengi nyumba — ngoja. Mlio wa ngamia? Hapa mtaani?!

Nimechungulia. Adeer Bulle yuko langoni, kavaa kikoi kipya, na nyuma yake ngamia, ngamia, ngamia! Bodaboda zimekwama, honi tupu. Anapaza sauti: picha za zamani ni mbaya, nitoke nipige upya, nianze na yule mweupe, na ole wangu nikinyoosha kidole kuwahesabu! Eddo ameshatoka bila viatu. Abdiqani naye huyo anakuja mbio. Ngamia wengine bado wanajitokeza kwenye kona ya msikiti, na mimi hata sija—