Kabati la Mifarishi ya Nozima

Sayyor, mji mzima wa Marg'ilon hakuna fundi anayenifikia! Hivyo ndivyo nilivyowatambia wakwe leo asubuhi, nimeegemea kabati la mbao za mjozi nililomtengenezea dada yangu Nozima kwa mikono yangu, hapa hapa uani.

Sasa nimejificha stoo. Usicheke.

Mifarishi yake ya harusi, yale magodoro membamba ya pamba, ni ishirini. Unajua lazima yote ipangwe kabatini, upande wa mume ukitazama. Imeingia kumi na mitatu. KUMI NA MITATU, Sayyor! Pamba mpya imefura kama mkate tanuruni.

Yule shangazi wa bwana harusi, Hosiyat, mdomo wake msumeno: "Mwanangu, hili ni kabati au kiota cha njiwa?" Wenzake wakaangua kicheko. Nozima machozi yakamlengalenga.

Nikawaka. "Kabati halina kosa! Ninyi ndio hamjui kukunja!"

Nilimwambia hivyo mkwe. Mkwe!

Akanisogelea hadi puani. "Nilikuwa nakunja mifarishi kabla mama yako hajazaliwa, mbwatukaji wewe. Ulipima nini?"

"Nilipima hii hii, mipya! Mmoja mmoja!" Nikaapa kabisa, mkono kifuani.

Nikadhani nimeshinda.

Bibi yetu alikuwa kwenye kona anakunywa chai yake kwa bakuli. Akaweka bakuli chini taratibu.

"Muongo huyo. Alipima unene wa mfarishi wangu wa miaka thelathini, akazidisha mara ishirini. Tena nilikuwa nimeulalia."