Meza ya Kiwanja cha Ndege

Jumatatu, 14 Julai 1947
Ndege ya Nairobi imechelewa tena. Heri yangu. Abiria anayesubiri hana pa kwenda. Kiwanja kiko ng'ambo ya Makupa, mji uko mbali, atakunywa chai tu. Kikombe nakiuza mara mbili ya bei ya mtaani Kuze na hapana anayeguna. Meneja wa kiwanja, Mzungu, huchukua robo ya mauzo. Chai yangu, meza yake. Nakubali. Kwa mguu huu mbovu siwezi tena kuzunguka vichochoroni nikiuza kahawa.

Jumamosi, 19 Julai
Mwezi umeandama. Kesho tunafunga. Nilimwomba meneja nifungue jioni tu. Amekataa, ndege haingoji magharibi. Akaongeza kwamba kuna mtu wa Ganjoni anaitaka meza, naye yuko tayari kutoa theluthi.

Jumatano, 23 Julai
Zuhura, mke wangu, anakaanga mchana mahamri ya kuuza kiwanjani na harufu imejaa mtaa mzima. Majirani wakipita wanautazama mlango wetu. Mwalimu wa madrasa amesema msafiri ana ruhusa ya kula, tuwauzie. Majirani hawajamsikia, au hawataki. Nimechoka kutazamwa.

Kiwanjani yule mtu wa Ganjoni kaja na utepe, kaipima meza nami nimesimama papo hapo.

Alhamisi, 24 Julai
Ndege imeharibika. Abiria wamekaa tangu asubuhi. Kikapu cha kwanza cha mahamri kimekwisha kabla ya adhuhuri. Sijapata kuuza namna hii.

Jua likishuka nikawaona wazee wawili wa Unguja na mama mmoja wa Lamu, wamejitenga pembeni, midomo mikavu. Ruhusa ya safari hawakuitumia. Wamefunga, na hawana cha kufuturu.

Nikakifungua kikapu cha pili. Bwana mmoja wa Kizungu akaja, pesa mkononi, anataka mahamri. Nikamwambia yamekwisha. Lakini ameyaona kikapuni. Nikatandika jamvi, nikawaita wale watatu na wapagazi, tukala. Mzee mmoja akatia mkono mfukoni.

"Futari haiuzwi, mzee wangu," nikamwambia.

Meneja alikuwa mlangoni. Macho yake yalikuwa kwenye kikapu.

Ijumaa, 25 Julai
Kaniita. Yule bwana amelalamika. Meneja anasema nimegawa robo yake bure. Nikamwambia nitamlipa kwa pesa yangu. Hataki, anasema leo ni futari, kesho itakuwa nini. Kuanzia kesho meza ni ya mtu wa Ganjoni.

Nina hasira. Nimewaambia wapagazi sijuti. Uongo. Najuta.

Jumapili, 27 Julai
Sikuvuka Makupa. Nimeshinda barazani. Majirani wamenisalimu vizuri, sikuwajibu wote.

Tumefuturu wawili. Zuhura akaniuliza, taratibu, "Wangekuya tena wale, ungewapa?"

Nikasema ningewapa. Akaniongeza uji, akaridhika.

Sijui kama nilimwambia kweli.