Swali la Baba Ukumbini

Darlene rafiki yangu, uko? Leo nimeaibika mpaka sijui niweke wapi uso wangu.

Ofisi yetu ya takwimu za kazi ilinituma nyumbani nikawaeleze watu hali ya ajira ya jimbo letu la West Virginia ukiilinganisha na majimbo mengine. Nikatangaza kwa furaha kwamba ukosefu wa kazi umeshuka, tumeyapita majimbo kadhaa! Tulikuwa kwenye ukumbi wa kikosi cha zimamoto cha kwetu, watu wamejaa. Hakuna aliyepiga makofi.

Akasimama baba. Baba yangu mwenyewe, Darlene!

"Mwanangu, kaka yako Curtis alipokuwa amekaa tu hapa bila kazi, mlimhesabu?"

Nikasema ndiyo.

"Na tangu ahamie Ohio?"

Nikasema hapana, si wa kwetu tena. Yaani nilisema hivyo, mbele yake!

"Kumbe tumepanda kwa sababu watoto wetu wameondoka."

Hakufoka. Bora angefoka! Alisema polepole, kama mtu anayetaka kuelewa tu.

Baadaye akanisindikiza hadi kwenye gari, akanipa mkate wa mahindi, ameufunga kwa kitambaa cha jikoni cha marehemu mama. Nikamwambia, baba, leo nalala hapa.

Akashtuka, Darlene.

"Unalala? Mbona sijatandika kitanda. Siku hizi hakuna anayekuja kulala hapa."